Moduli inalala, haiamki mpaka mlango ufunguliwe mara ya pili

Swali: Habari kaka. Nina Raspberry Pi 4 nyumbani, nimefunga swichi ya sumaku mlangoni, na nimeandika moduli (kipande cha kodi kinachoongezwa) ya kerneli, yaani moyo wa mfumo wa Linux, inayotoa faili la `/dev/mlango`. Programu yangu inalisoma faili hilo na kusubiri. Mara nyingi inakwenda vizuri, ila mara moja moja mlango unafunguliwa na programu haishtuki, mpaka ufunguliwe tena. Nikiiua kwa `kill -9` haifi. Baada ya muda `dmesg` (rekodi ya ujumbe wa kerneli) inaandika `blocked for more than 120 seconds`. Mfano wa zamani niliopata ulitumia `interruptible_sleep_on`, haukukubali kukompailiwa, ndiyo nikaandika mwenyewe. Halafu nilipoweka `msleep(50)` kwenye katizo (kodi inayoitwa papo hapo swichi inapobadilika) ili kuzuia mtetemo wa swichi, yaani kugusa na kuachia mara nyingi kwa mpigo, mashine nzima iliganda. Nakosea wapi?

Jibu: Nashukuru umetuma na kodi yenyewe, la sivyo ningeanza kukutuma ukapime waya. Waya zako ni nzima. Shida iko kwenye mistari hii, nimeipunguza tu ili isomeke:

```
/* ndani ya read */
while (matukio == 0) {
        prepare_to_wait(&foleni, &w, TASK_UNINTERRUPTIBLE);
        schedule();
        finish_wait(&foleni, &w);
}

/* ndani ya katizo */
wake_up(&foleni);
matukio++;
```

Ukiipitia haraka haina kasoro. Kama hakuna tukio, jiandikishe kwenye foleni ya kusubiri, lala. Ukiamka jitoe kwenye foleni, angalia tena. Umekumbuka hata kuweka `while` badala ya `if`, jambo ambalo wengi hulisahau. Sasa isome upya ukijua kwamba katizo linaweza kuingia katikati ya mistari miwili yoyote.

Programu inauliza: matukio ni sifuri? Ndiyo, ni sifuri. Kabla `prepare_to_wait` haijaanza, mlango unafunguliwa. Katizo linaingia, `wake_up` inachungulia foleni, haikuti mtu, inaondoka zake. `matukio` inakuwa 1. Katizo limefanya kazi yake yote. Programu inaendelea pale ilipokatiwa, ikiwa bado na jibu la "sifuri" kichwani. Inajiandikisha, inalala. Tukio lipo kwenye kumbukumbu, mwenye kulihitaji amelala fofofo, na hakuna wa kumwamsha mpaka mlango ufunguliwe tena. Rudi kwenye rekodi za programu yako uangalie zile mara ilizochelewa: utakuta imesoma 2 kwa mpigo badala ya 1.

Umewahi kulala stendi ukisubiri basi la usiku? Mwenye akili kwanza anamwambia mlinzi, "basi likifika niamshe". Halafu anatupa jicho barabarani mara ya mwisho, kisha ndiyo anajinyoosha kwenye benchi. Wewe umetupa jicho kwanza, ukaona hakuna basi, ukaanza kutembea kwenda kwa mlinzi. Basi limeingia ukiwa njiani. Mlinzi hana jina lako, kwa hiyo hakumwamsha mtu. Umefika, umejiandikisha, umelala, na basi limeshaondoka.

Hilo ni upande wa anayelala. Upande wa anayeamsha nao una kosa la aina hiyohiyo, ila limegeuzwa: unaamsha kwanza, halafu ndiyo unaongeza hesabu. Prosesa ya Pi 4 ina viini vinne. Katizo linaendeshwa kwenye kiini kimoja, na programu iliyoamshwa inaweza kuanza kukimbia kwenye kiini kingine papo hapo. Inaangalia `matukio`, inakuta bado sifuri kwa sababu `matukio++` haijafikiwa, inarudi kulala. Ndipo hesabu inaongezeka, na hakuna anayeiona. Dalili ni ileile, mlango mmoja nyuma, na ndiyo maana ukirekebisha upande mmoja tu utaona tatizo limepungua, utafurahi, na wiki ijayo litakurudia. Nimewahi kupoteza siku tatu kwa kosa hilihili, nikilaumu kebo.

Kwa hiyo mpangilio ni huu. Anayelala: jiandikishe, *kisha* angalia sharti, *kisha* lala. Anayeamsha: badilisha sharti, *kisha* amsha. Kuamshwa kwenyewe usikuchukulie kama habari. Mtu anaweza kuamshwa bure, au akaamka akakuta mwenzake ameshachukua kilicholetwa. Habari ni sharti, yaani `matukio > 0`. `wake_up` inasema tu "kaangalie tena".

Ule mfano wa zamani usiusikitikie. `interruptible_sleep_on` na ndugu zake wa `sleep_on` walikuwa na kosa lako hili ndani yao wenyewe: kujiandikisha na kulala vilikuwa kitu kimoja, hivyo hapakuwa na nafasi ya kuangalia sharti katikati. Waliondolewa kabisa kwenye kerneli ya 3.15, mwaka 2014. Kodi yoyote unayoikuta inawatumia, ifunge. Ni ya zamani, na hata enzi zake ilikuwa na kasoro.

Kwa mkono, njia sahihi ni hii:

```
for (;;) {
        prepare_to_wait(&foleni, &w, TASK_INTERRUPTIBLE);
        if (matukio > 0)
                break;
        if (signal_pending(current)) {
                ret = -ERESTARTSYS;
                break;
        }
        schedule();
}
finish_wait(&foleni, &w);
```

Utauliza: kama katizo likiingia baada ya kuangalia na kabla ya `schedule()`, si nitalala vilevile? Hulali. `prepare_to_wait` imefanya mambo mawili: imekuweka kwenye foleni na imebadilisha hali yako kuwa "anayelala", ingawa bado unakimbia. `wake_up` ikikukuta kwenye foleni inairudisha hali yako kuwa `TASK_RUNNING`. Ukifika `schedule()` ukiwa na hali hiyo, mpangaji wa kerneli hakuondoi kwenye orodha ya wanaokimbia. Pengine atampisha mwingine kidogo, halafu anakurudisha, unazunguka, unakuta sharti limetimia. Ndani ya `prepare_to_wait` kuna pia kizuizi cha kumbukumbu kinachohakikisha kwamba kubadilisha hali kunaonekana na viini vingine kabla wewe hujasoma `matukio`. Bila hicho prosesa ina ruhusa ya kupanga upya usomaji na uandishi, na mpangilio wako mzuri unabaki kwenye karatasi tu.

Hata hivyo, usiiandike kwa mkono. Mzunguko wote ule tayari umefungwa ndani ya makro (kodi iliyofupishwa kwa jina) moja:

```
if (wait_event_interruptible(foleni, matukio > 0))
        return -ERESTARTSYS;
```

Angalia vitu viwili hapo. Foleni haina `&`, kwa sababu makro inaichukua anwani yenyewe. Na sharti unaloandika hukaguliwa kila mara inapoamka, si mara moja, hivyo usitie ndani yake kitu kinachobadilisha hali, kama `matukio-- > 0`. Wala usitie kitu kinachoweza kulala, kama `mutex_lock`: wakati sharti linakaguliwa wewe tayari umetangazwa kuwa umelala, na kulala ndani ya kulala kunaharibu ile hali.

Sasa kuhusu `kill -9`. Umelala kwa `TASK_UNINTERRUPTIBLE`, ile herufi D unayoiona kwenye `ps`. Aliyelala hivyo haamshwi na ishara yoyote, na `kill -9`, pamoja na ukali wake wote, ni ishara tu. Inawekwa mlangoni, inasubiri mchakato (programu inayoendeshwa) uamke ili uipokee. Ukifungua mlango wa nyumba programu inaamka, inakutana na ishara iliyokuwa ikiisubiri, inakufa. Nadhani hilo umeshaliona ukadhani ni uchawi. Lile onyo la sekunde 120 linatoka kwa mlinzi wa kerneli anayeitwa `khungtaskd`, anayepita akitafuta waliokaa kwenye D muda mrefu bila kushtuka. Na kama umeona `uptime` ikionyesha mzigo wa 1.00 wakati mashine haifanyi kitu, ni huyohuyo: Linux huhesabu waliolala kwa D kwenye wastani wa mzigo.

D ina mahali pake, hasa diski, ambako jibu linakuja kwa sehemu ndogo ya sekunde na kukatishwa katikati kungeleta vurugu. Mlango wa nyumba unaweza kukaa umefungwa tangu Ijumaa hadi Jumatatu. Hapo ni `wait_event_interruptible`, bila mjadala. Tangu 2.6.25 ya mwaka 2008 kuna pia njia ya kati, `TASK_KILLABLE`, inayokubali ishara za kuua peke yake. Unaipata kwa `wait_event_killable`, nayo inafaa pale ambapo hutaki kusumbuliwa na kila ishara lakini hutaki pia mtu ashindwe kuiua programu.

Ukirudishiwa namba isiyo sifuri na `wait_event_interruptible`, toka na `-ERESTARTSYS`, usiimeze wala usiigeuze kuwa 0. Kerneli ndiyo itakayoamua ama kuuanzisha upya wito wa mfumo (hapa, ile `read`), ama kumpa mtumiaji kosa la `EINTR`, yaani "umekatizwa". Ukirudisha 0, programu itadhani faili limefika mwisho.

Tahadhari moja ukibadilisha: `wake_up_interruptible` huwaruka waliolala kwa D. Ukiacha upande mmoja na hali ya zamani na upande wa pili na jina jipya, programu haitaamka kabisa, si mara moja moja tena.

Tuje kwenye ile mashine kuganda. Kulala maana yake ni kumwambia mpangaji: niweke pembeni, mwendeshe mwingine, baadaye nirudishe mimi. Katizo halina "mimi". Limeingia likamkatiza mchakato wowote aliyekuwa kwenye kiini hicho, linatumia mgongo wake, na mpangaji hana kitu cha kuweka pembeni kwa jina la katizo. Ukiita `msleep` humo unapata `BUG: scheduling while atomic`, na kinachofuata ni bahati nasibu. Marufuku hiyohiyo ipo ukiwa umeshika spinloku (kufuli ambalo anayelisubiri huzunguka bila kulala), hata kama hauko ndani ya katizo. Wengi wanajua wasiite `msleep`, lakini hulala bila kujua: `kmalloc` yenye `GFP_KERNEL` inaweza kulala, `mutex_lock` inaweza kulala, na `copy_to_user` inaweza kulala pia kama ukurasa wa kumbukumbu ya mtumiaji haupo. Kompaili kerneli yako ya majaribio ukiwa umewasha `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP`; itakupigia kelele hata siku ambayo kulala hakukutokea, kwa vile tu kungeweza kutokea.

Kwa mtetemo wa swichi, tumia `request_threaded_irq` yenye `IRQF_ONESHOT`. Kerneli itaendesha kazi yako kwenye uzi wake wenyewe, na uzi ni mchakato halali wenye haki ya kulala. Humo ndani `msleep(50)` ni ruksa. Baada ya hizo milisekunde 50 soma hali ya pini kwa `gpiod_get_value_cansleep`, ilinganishe na hali ya mwisho uliyoihifadhi, na kama haijabadilika ondoka kimya.

Hii sasa ndiyo sura ninayoipendekeza. Nimeongeza spinloku kwa sababu ukiwa na wasomaji wawili wote wataamshwa, wote watakuta `matukio > 0`, na wote watachukua hesabu ileile:

```
static ssize_t mlango_read(struct file *f, char __user *buf,
                           size_t n, loff_t *pos)
{
        u32 hesabu;

        if (n < sizeof(hesabu))
                return -EINVAL;

        spin_lock_irq(&kufuli);
        while (matukio == 0) {
                spin_unlock_irq(&kufuli);
                if (f->f_flags & O_NONBLOCK)
                        return -EAGAIN;
                if (wait_event_interruptible(foleni,
                                READ_ONCE(matukio) > 0))
                        return -ERESTARTSYS;
                spin_lock_irq(&kufuli);
        }
        hesabu = matukio;
        WRITE_ONCE(matukio, 0);
        spin_unlock_irq(&kufuli);

        if (copy_to_user(buf, &hesabu, sizeof(hesabu)))
                return -EFAULT;
        return sizeof(hesabu);
}

static irqreturn_t mlango_uzi(int irq, void *d)
{
        int sasa;

        msleep(50);
        sasa = gpiod_get_value_cansleep(pini);
        if (sasa < 0 || sasa == hali_ya_mwisho)
                return IRQ_HANDLED;
        hali_ya_mwisho = sasa;

        if (sasa) {     /* umefunguliwa */
                spin_lock_irq(&kufuli);
                WRITE_ONCE(matukio, matukio + 1);
                spin_unlock_irq(&kufuli);
                wake_up_interruptible(&foleni);
        }
        return IRQ_HANDLED;
}
```

Ona jinsi kufuli linavyoachiwa kabla ya kulala na kushikwa tena baada ya kuamka, halafu sharti linakaguliwa upya kufuli likiwa limeshikwa. Huo ukaguzi wa pili ndiyo unaokulinda dhidi ya mwenzako aliyewahi kuchukua. Na `copy_to_user` iko nje ya kufuli kwa sababu niliyoitaja. Msomaji mwenye `O_NONBLOCK` halali kamwe, anapewa `-EAGAIN` aende zake. Omba katizo kwa kingo zote mbili, kufungua na kufunga, la sivyo `hali_ya_mwisho` itabaki imeganda kwenye "wazi".

Hukuuliza, lakini najua utafika huko: siku ukitaka kusubiri kwa ukomo wa muda, kuna `wait_event_interruptible_timeout`. Majibu yake yamewatega wengi, maana hapa sifuri *si* mafanikio. Sifuri ni muda umekwisha na sharti bado, hasi ni ishara imeingia, na chanya ni sharti limetimia na hizo ni jifi (mapigo ya saa ya kerneli) zilizobaki. Muda mpe kwa `msecs_to_jiffies(5000)`, usiandike namba tupu, kwani urefu wa jifi moja hutegemea kerneli ilivyokompailiwa.

Kwa jambo linalotokea mara moja, mfano "kifaa kimemaliza kuwaka", achana na foleni na utumie `struct completion`: mmoja anaita `wait_for_completion`, mwingine anaita `complete`. Ina hesabu yake ndani, hivyo `complete` ikitangulia, anayekuja kusubiri baadaye anapita moja kwa moja.

Na ukiunda uzi wako kwa `kthread_run`, sharti lake la kuamka liwe na `|| kthread_should_stop()`. Usipoliweka, `rmmod` (amri ya kuondoa moduli) itaita `kthread_stop`, uzi utaamshwa, utaangalia sharti, utakuta hakuna tukio, utarudi kulala, na `rmmod` itakaa hapo ikiusubiri. Kwa msomaji wa faili hali ni nyepesi zaidi: `.owner = THIS_MODULE` kwenye `file_operations` inafanya moduli ikatae kuondolewa mtu akiwa bado amefungua faili. Ua programu kwanza, sasa itakubali kufa, kisha ondoa moduli.

Kabla hujafuta kodi yako ya zamani, ifanyie jaribio moja. Weka `mdelay(3000)` kama mstari wa kwanza ndani ya `while`, kabla ya `prepare_to_wait`, pakia moduli, anzisha programu, na ufungue mlango ndani ya hizo sekunde tatu. Kosa lililokuwa likitokea mara moja kwa siku litatokea kila unapojaribu. Likishatokea, kwenye dirisha jingine andika:

```
ps -eo pid,stat,wchan:25,comm | grep ' D'
sudo cat /proc/NAMBA/stack
```

ukiweka namba ya mchakato wako badala ya NAMBA. Utaiona programu imekaa kwenye D, na kwenye rundo utaiona `read` yako. Baada ya hapo hamisha `mdelay` hiyohiyo uiweke kwenye ule mzunguko wa `for` niliokuandikia, kati ya `if` ya ishara na `schedule()`, ufungue mlango tena ndani ya sekunde tatu. Programu itachelewa sekunde hizo tu, kisha itasoma 1.